Njugu ya Limi

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, misheni ya Ushirombo ilihesabu waumini wake. Watu wa pale hawakukubali kuhesabiwa kwa kidole, kwa kuwa kidole huita msiba, hivyo kila Mkristo alipita mlangoni mwa kanisa akadondosha njugu mawe moja kapuni. Mwenye mtoto mgongoni alidondosha mbili. Baadaye Padri aliwaandikia wakubwa wake jinsi kundi lilivyokua.

Epifania alidondosha yake, akasimama kando kumngoja bintiye, Limi.

Limi alikufa mwaka wa ukame, angali ananyonya. Baba yake, Stanslaus, alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Katekista Ansgar aliitwa, hakuja. Alikuwa akiwaandaa wabatizwa wapya kabla ya hesabu. Visima vilikauka, nyumbani hapakuwa na tone la maji. Yalikuwepo maziwa kidogo kibuyuni. Epifania alimmiminia mtoto maziwa hayo kichwani, akatamka maneno yote ya ubatizo bila kukosea. Padri alisema maneno yalikuwa sahihi, ila maziwa si maji. Limi akazikwa nje ya ua wa makaburi, upande wa magharibi, mbali na bibi yake aliyelala ndani.

Sasa Limi alikuja wa mwisho kwenye mstari, kama kila mwaka tangu azikwe. Maziwa yalimchuruzika kutoka utosini hadi shingoni.

"Amekua," alisema jirani yao, Coletha. "Amekupita kiuno, Mama Limi. Na miguu ni ya baba yake."

"Basi naye atalikimbia jembe," Epifania alisema, na wanawake wakacheka kidogo.

Limi alidondosha njugu yake. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," aliitikia Ansgar, aliyesimamia kapu, akainama, akaitoa ile njugu kapuni. Haikuwa vigumu kuitambua. Ilikuwa imelowa maziwa.

"Mwalimu, si umemwitikia?" Epifania aliuliza.

"Nimemwitikia."

"Basi mhesabu, apate kulala ndani na bibi yake."

"Kuitikia ni adabu tu, Mama Limi. Kuhesabu kuna sheria yake."

Padri alitoka, akapangusa maziwa kizingitini watu wasije wakateleza. Alimpa Epifania pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akawatangazia waumini kwamba wameongezeka, Mungu ashukuriwe, na kwa kuwa makaburi nayo yamejaa, ua utapanuliwa. Kila nyumba ilete nguzo.

Siku ya kazi Epifania alileta nguzo ya mti wa mtundu, nzito. Limi alishika ncha ya nyuma. Walitembea polepole, mama akisali Salamu Maria, mtoto akiitikia kila alipopaswa kuitikia. Walipofika kwenye lango la makaburi, Limi aliweka ncha yake chini taratibu, akabaki nje. Epifania aliiburuta nguzo peke yake mpaka ndani.

Ua ulipanuliwa upande wa mashariki.