Wagonjwa wa Majaribio

Jumanne saa mbili asubuhi, mtu mmoja alifika kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja mjini Kamina, akasema anaitwa Essai Kwanza na ana homa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, lakini viatu vyake havikuwa na tope. Muuguzi Éliane alitafuta jina kwenye kompyuta. Lilikuwepo: amezaliwa tarehe moja Januari mwaka 1900, kadi imejazwa yote. Akampa dozi ya malaria na kitanda.

Jumatano walikuja kumi na mmoja wengine, Essai Pili hadi Essai Kumi na Mbili, wote wamezaliwa siku ileile. Alhamisi dawa ziliisha. Mama Ndaya, mkulima wa mihogo kutoka Mulongo, alikuwa bado kwenye benchi na binti yake Mira wa miaka sita, mwenye homa, ambaye kadi yake haikuwa na tarehe ya kuzaliwa.

Éliane alianza kumuuliza kila anayeingia jina la babu yake, apate kujua nani ni mtu wa kweli. Alimuuliza hata Kisimba, fundi wa mtandao, aliyefanya naye kazi miaka tisa. Kisimba alijibu, na Éliane akaandika jibu.

Kisimba alimpigia simu Dany, mtengenezaji wa programu aliyeko Lubumbashi.

"Bale ba Essai, njo weye ulibaandika?"

"Njo minyi, Papa. Essai ni jaribio, ni majina ya kujaribia programu tu. Iko huku, kwenye machine za kukodi, kwenye cloud."

"Hapana. Bako huku kwetu, kwenye vitanda."

"Basi ni juu ya njia. Majaribio na bagonjwa ba kweli banapita njia moja. Niliambia Directeur tangu mwezi wa tatu."

Kisimba alikata simu, akakaa akiutazama mlango wa mkurugenzi.

Ijumaa alizitenga njia: moja ya majaribio, moja ya wagonjwa, kila moja na anwani zake na funguo zake, na katikati ukuta usiopitisha kitu. Saa nne alipomaliza, wale kumi na wawili waliamka, wakatandika vitanda, wakatoka kwa mstari kuelekea barabara ya Base, kambi ya jeshi. Mlinzi aliandika saa waliyotoka.

Jumatatu dawa mpya zilifika, na mkurugenzi Kabange akamwita.

"Kisimba, ulifunga nini?"

"Majaribio, Directeur. Yalichanganyika na bagonjwa."

"Bafadhili banapenda kadi zilizojaa, na bale njo bako nazo. Fungua katundu kamoja tu, ka kutuma rapport kwao."

Kisimba aliomba aandikiwe amri hiyo. Kabange alisema hakuna haja, akaja kusimama nyuma ya kiti chake mpaka tundu likafunguliwa. Kabla ya adhuhuri wale kumi na wawili walikuwa wamerudi kwenye benchi. Watu waliwapisha.

Mama Ndaya alimbeba Mira hadi kwenye dirisha la chumba cha Kisimba.

"Papa, hii dawa inaendaka kwa bale tu?"

"Kwa benye kadi kamili, mama."

"Basi mutoto wangu naye, umuandike essai."

Kisimba alishuku kwamba ametumwa na Kabange kumpima. Kisha akanyoosha mkono, akagusa paji la uso la mtoto. Lilikuwa moto. Akaandika: Essai Kumi na Tatu, tarehe moja Januari 1900. Dozi ilitolewa baada ya dakika kumi.

Jumatano homa ilikuwa imeshuka. Mama Ndaya alifunga vitu vyake, akaita kutoka langoni, "Mira, twende."

Mtoto alibaki ameketi kati ya wale kumi na wawili, mikono juu ya magoti kama wao. Mama aliita mara tatu. Halafu akaita, "Essai Kumi na Tatu," na mtoto akasimama, akaja, akamshika mkono.

Wanawake wanne waliokuwa kwenye foleni waliona yote hayo. Wa kwanza alimshusha mtoto wake mgongoni, akamweka mbele ya dirisha la Kisimba.

"Huyu," akasema, "umuandike wa kumi na nne."