Blauzi ya Udaga

Kamati ya maktaba ya Kisesa ilipotaka kile kitabu cha afya kitolewe rafuni, Chenge, mtunza maktaba, ndiye aliyekiokoa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisimulia mwenyewe, mpaka asubuhi ile Mama Jonathan alipokuja.

Shida ilikuwa ukurasa mmoja. Ulikuwa na mchoro wa mwanamke aliyeacha kifua wazi, mkono mmoja kichwani, mwingine unapapasa titi. Pembeni kulikuwa na maelezo ya jinsi ya kujikagua. Siku ya ukaguzi mwenyekiti, Mzee Luhaga, alikifungua kitabu hapo hapo, kama vile kilikuwa kinamsubiri. Akakifunga kwa kishindo.

"Chenge, hii ni maktaba au ni baa?"

"Ingekuwa baa, mwenyekiti, ungeikuta imejaa."

Kamati ikacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kitabu kitoke au atoke yeye, na yeye ndiye aliyetoa mabati ya jengo.

Basi Chenge akakoroga uji wa udaga, unga wa muhogo, ule mzito ambao mama yake alikuwa akibandikia magazeti ukutani. Akaupaka, akaubana ukurasa ule na mwenzake, akalaza kamusi juu mpaka ukakauka. Kikao kilichofuata akasimama na kitabu chake.

"Waheshimiwa, yule mama tumemvalisha blauzi."

Hapo hata Mzee Luhaga alicheka mpaka akatoa leso. Kitabu kikarudi rafuni, Chenge akanunuliwa soda. Hiyo ilikuwa Januari.

Sasa ilikuwa Julai, na Sabina, huyo Mama Jonathan anayeuza dagaa sokoni, alikuwa amesimama mbele ya meza ya Chenge na kitabu mkononi. Beseni lake alikuwa ameliacha mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," Chenge alimwamkia kwa Kisukuma. "Leo dagaa wamekupa ruhusa ya kusoma?"

Sabina hakujibu utani. "Baba Nathaniel, huu ukurasa una nini?"

"Upi?" Alijua ni upi.

"Huu. Mwaka jana tuliusoma na Getruda, tukacheka hapo, hatuna mbavu. Mwezi wa tatu nikarudi kuutafuta, ukagoma kufunguka. Nikasema basi, pengine si kitu, Mungu mwenyewe kaufunga. Leo nimerudi, bado umegoma."

"Mwezi wa tatu ulikuwa unautafutia nini?"

Sabina aligeuka kutazama kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu, ni maktaba.

"Nina kitu hapa," akasema, na hakuonyesha wapi. "Kilikuwa kama punje ya mtama. Saa hizi ni kama karanga na ganda lake."

"Kinauma?"

"Hata. Ndiyo nasema, kama hakiumi si kitu, eti? Si palikuwa pameandikwa pale?"

Palikuwa pameandikwa, ila kinyume chake. Chenge alikuwa amepasoma huku anapaka uji.

Alichukua kitabu, akatoka nacho mpaka kwa Gladness, anayeuza chai pale nje, akaushikilia ukurasa juu ya mdomo wa birika.

"Makubwa!" Gladness akasema. "Leo unachemsha vitabu? Nikuwekee na tangawizi?"

Siku nyingine angemjibu. Aliendelea kuuelekeza ukurasa kwenye mvuke, anaingiza ukucha taratibu, Sabina yuko begani kwake. Kurasa zikaachana, lakini zikaachana kwa kuchanika. Kichwa cha yule mwanamke kilibaki huku, mkono ukaenda kule. Palipokuwa na maneno pakabaki utando mweupe wa udaga.

"Maktaba inavuja, ndiyo zikagandana?" Sabina aliuliza.

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Haivuji. Niliubandika mimi."

Sabina alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyeonja dagaa, akawarudisha, akaondoka. "Kwa nini?"

Majibu ya kuchekesha yalimjia, kama kawaida yake. Hakuna lililofaa.

"Wazee waliona aibu," alisema. Kisha, kwa sababu hiyo ilikuwa nusu tu: "Na mimi nikataka kuwachekesha."

"Haya. Wewe si uliusoma? Nisomee."

Gladness alijitia kusuuza vikombe. Chenge alikuwa hajawahi kulitamka neno titi mbele ya mke wa mtu bila kulifungia ndani ya mzaha. Alilitamka. Alisema uvimbe mgumu kwenye titi, au kwapani, hata kama hauumi, usiungoje. Alisema ngozi kuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, chuchu kurudi ndani. Alisema si kila uvimbe ni ugonjwa mbaya, lakini anayejua ni daktari, siyo kitabu.

"Usiungoje," Sabina alirudia. "Iliandikwa hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na mimi nimeungoja."

Chenge alifunga maktaba. Dagaa wakabaki kwa Gladness.

Pale kituo cha afya nesi alimpima Chenge kwa macho. "Wewe ndiye mume?"

"Hapana. Mimi ni wa maktaba."

"Wa maktaba!" Akamgeukia Sabina. "Mama, kimeanza lini?"

Sabina akamtupia Chenge jicho. "Juzi juzi tu."

"Mwezi wa tatu," Chenge alisema.

"Miezi yote hiyo! Mbona hamkuja?"

Chenge alifungua mdomo. Sabina akamuwahi. "Nilikuwa natafuta kusoma kwanza."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Chenge alikaa kwenye benchi, kitabu kimevimba magotini, udaga umemganda kwenye kucha. Daktari, mwanamke mwenye miwani, aliingia, akavuta pazia. Kutoka nyuma ya pazia sauti yake ilisikika vizuri, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayekuuliza jina.

"Vua blauzi, mama."