Jukwaa Linalorudisha Mtu

Saa kumi na mbili jioni Hisae Nogami alimaliza kurekebisha jukwaa linalodunda katika gemu ya video waliyokuwa wakiitengeneza kazini, akazima kompyuta, akachukua mkoba. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na wageni walitolewa wodini saa mbili. Mchana dada yake Yoriko alikuwa amempigia simu. "Baba anakuulizia wewe tu. Daktari amesema tusingoje kesho."

Ofisi ilikuwa Osaka, Japani, juu ya duka la tambi. Wote walikuwa bado wameinamia kazi, kwa sababu Mkuu Tokunaga alikuwa bado ameketi. Baada ya simu hiyo Mkuu alikuwa amemwambia Hisae, "Ukitaka kwenda nenda, baba ni baba." Alikuwa mtu mwema. Lakini hakuna aliyewahi kuondoka kabla yake.

Hisae alifika mlangoni, kwenye rafu walipoacha viatu wakiingia, akainama. "Naomba radhi, natangulia kuondoka," akasema, kama adabu inavyotaka. Sakafu ikabonyea chini ya soksi zake, ikamrusha. Akapita juu ya meza za wenzake, akatua kwenye kiti chake, ameketi barabara.

Muneo Shirakawa, mchoraji wa meza ya jirani, alikuwa akifuta karatasi zake.

"Dada, ukipita juu kunja miguu. Umenimwagia chai."

"Samahani."

"Ndilo lile jukwaa lako?"

"Nadhani. Mkuu alitaka limrudishe mchezaji mwanzo kama hana ruhusa ya kupita."

"Basi umeliweza. Jana lilinirusha mimi, mgongo unauma mpaka leo."

Hisae alirudi mlangoni, safari hii akaliruka kwa mbali kama wachezaji wanavyofanya. Likamfuata alipotua, likamrudisha kitini. Mkuu akainua macho.

"Nogami, kuna tatizo?"

"Hakuna, Mkuu."

Muneo akamsogelea. "Tafuta kutumwa. Aliyetumwa halimgusi. Nilipokwenda kununua betri lilitulia kama mkeka."

Hisae akasimama mbele ya Mkuu. "Mkuu, nikuletee kahawa ya kopo?"

"Ya moto," akajibu Mkuu bila kugeuka.

Mlangoni Hisae akasema, "Nakwenda na kurudi," kama wasemavyo wote wanaotoka kwa kutumwa. Sakafu haikutikisika. Akanunua kahawa kwenye mashine ya kuuzia vinywaji barabarani, akaitia mfuko wa koti, akakimbilia treni.

Wodini walimpa ndara. Baba alikuwa amenywea kuliko alipomwona mara ya mwisho. Yoriko akampisha kwenye kigoda.

"Hisae," akasema baba. "Kazi imekwisha?"

"Imekwisha, baba."

Alipolitamka hilo, sakafu ya wodi ikaanza kulegea. Akakunja miguu, akaizungusha kwenye miguu ya kigoda, akaomba kimoyomoyo apewe dakika chache tu.

"We, mbona unanesanesa?" Yoriko akanong'ona.

"Niliwaambia nitarudi."

Yoriko aliitazama sakafu, akasimama nyuma yake, akamkandamiza mabega kwa mikono miwili. "Nimekushika. Ongea naye upesi."

"Baba, nipo. Niambie."

Baba akalamba midomo. Alikuwa mtu wa kupanga maneno kabla ya kuyatoa, tangu ujana wake. "Nilitaka nikuambie," akaanza, "kwamba wewe..."

Sakafu ikamrusha. Dirisha lilikuwa limefunguliwa ili hewa iingie. Hisae alipita hapo, akavuka mto, akaziona taa za treni chini yake, akaingia kwa dirisha la ofisi na kuketi kitini pake akiwa na ndara za hospitali. Muneo alikuwa ameshaondoa kikombe.

Akatoa kahawa mfukoni, akampelekea Mkuu, naye Mkuu akafungua kopo. "Imepoa," akasema, lakini akanywa. "Jukwaa ni zuri, Nogami. Tuliweke katika kila hatua ya gemu."

Simu ikalia. Muneo akasikiliza, akamkabidhi Hisae simu kwa mikono miwili. Alikuwa Yoriko, akamwambia baba amekata roho.

"Alimalizia, dada? Alitaka kuniambia nini?"

"Alikuwa anakungoja urudi."

Ofisi nzima iliinamisha vichwa. Mkuu akasimama, akainama sana, akampa pole kwa sauti iliyokatika. "Nenda, Nogami. Nenda kwa ndugu zako." Kisha akaketi tena, na wote wakaendelea na kazi.

Hisae akamshukuru. Akafuta uso kwa kiganja, akawageukia wenzake, akauliza kama kuna anayetaka aletewe kitu kutoka nje.