Ukurasa Uliofika Uchi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama pekupeku kwenye vumbi jekundu nje ya seva, ile kompyuta inayotunza kurasa za mtandao. Ina ukuta mrefu na lango la chuma. Pembeni yangu umesimama ukurasa wa mtandao wa kliniki ya wajawazito, ule nilioutengeneza mwenyewe na kuupakia jioni. Umejifunika kwa mikono miwili.

"Fatna, niko uchi," unaniambia.

Kweli. Rangi hakuna, picha hakuna, maandishi meusi matupu. Na asubuhi Daktari Mwajabu atawaonyesha akina mama namna ya kujiandikisha kwa simu, wasipange tena foleni juani na matumbo yao.

Mlinzi wa lango anakunywa uji.

"Shikamoo, baba. Kwenye kompyuta yangu ulikuwa unauletea nguo wewe mwenyewe."

"Marahaba. Kule yalikuwa mazoezi, mwanangu. Hapa ni kazini. Kusanya nguo zote chumba kimoja, unionyeshe mlango, nami nitawagawia wageni."

Sina wasiwasi, kazi hii naijua. Nafungua chumba cha kwanza, kumbe ni wodi ya wazazi. Rangi zimelala kitandani.

"Amkeni, tunahama."

Natoka wodini, niko sokoni. Picha zinagombana nani mkubwa. Nazitupia begani zote, bado zinagombana.

Kiolezo, ile salamu iliyoachiwa nafasi ya jina la mgeni, naye ananifuata, mama mnene mwenye pengo katikati ya kila sentensi.

"Karibu sana, Mama..." anasema, kisha anabaki mdomo wazi.

"Huyo asikae na nguo," mlinzi anafoka. "Yeye hukaa ndani. Jina likishaingia, maneno ndiyo yatoke, si yeye."

Namrudisha ndani. Anashukuru nusu.

"Haya, chumba cha nguo kiko wapi?" mlinzi anauliza.

"Mezani kwangu, kwenye folda ya kazi," namjibu.

"Hapa hakuna meza ya Fatna."

"Basi ukiingia langoni, mkono wa kulia," nasema, na kuzitua nguo zote hapo.

"Sasa umesema."

Lango linafunguka. Ukurasa unapita umevaa, haunitazami hata kidogo.

Simu ikaniamsha. Daktari Mwajabu.

"Fatna, ukurasa umependeza! Mama wa kwanza keshajiandikisha."

Tangu jioni sikuwa nimegusa kitu. Nikaufungua. Kila kitu mahali pake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sentensi ambayo sikuiandika: "Safari nyingine uje na viatu."

Nikageuza nyayo zangu. Vumbi jekundu, mpaka kisiginoni.