Hapana za Mzee Gideoni

Mume wangu Gideoni hajawahi kuniogopa mimi, ila humkwepa kweli mkwe wake, Fortunata. Fortunata akiingia mlango wa mbele, mzee anatokea wa nyuma. Si chuki, ni heshima. Nyumbani kwetu baba mkwe hakai ana kwa ana na mke wa mwanawe, seuse kuzungumza naye mambo ya mwilini.

Wakubwa wa Fortunata huko Same hawakulijua hilo. Yeye ni muuguzi, na wanafanya utafiti kuhusu usalama wa damu: anayetoa asidhurike, anayeongezewa asipelekewe ugonjwa. Wakamtuma kwetu Chome kuhoji watu na kukusanya damu ya wanaojitolea, wakisema watu watamweleza ukweli kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Hapo ndipo walipoharibu.

Nilikuwa kwenye benchi pale ofisi ya kijiji, wa pili kwenye foleni, nikamsikia mzee wangu akihojiwa na Fortunata. Kofia mkononi, macho dirishani.

"Baba, umekula leo?"

"Hapana."

Alikuwa amemaliza bakuli mbili za makande, nami ndiye niliyeziosha.

"Umewahi kuwa na mwenza mwingine zaidi ya mama?"

"Hapana." Hata hakumwacha amalize.

"Umeugua malaria au kumeza dawa mwezi huu?"

"Hapana."

Nikaingiwa na hofu. Alikuwa na siku tisa tu tangu amalize dawa ya mseto ya malaria, na mimi ndiye niliyemshikia kikombe cha maji kama mtoto. Alikuwa anajibu tu ili amalize akimbie. Lakini mfuko wake wa damu ungeshuka mpaka Same, ukaingia kwa mgonjwa asiyejua lolote kuhusu aibu za mzee wangu.

Kumuumbua mume mbele ya mkwe nalo si jambo dogo. Nikanyanyuka.

"Mwanangu, nipe hiyo karatasi. Wewe kaa nyuma ya pazia uandike."

Fortunata alicheka, akatii. Nikaketi mbele ya Gideoni, nikaanza upya. Makande akayakiri. Swali la mwenza nilimuuliza mara mbili, ingawa karatasi ilisema mara moja. Kwenye malaria akalitazama pazia, akasema tena hapana, maana alishamtumia mkwe salamu kupitia kwangu kwamba yeye ni mzima wa chuma.

Likabaki swali la mwisho. "Damu hii, ungekubali apewe mtu wa nyumbani kwako?"

Nyuma ya pazia kiti kililia. Fortunata ana mimba ya miezi saba, na uzazi wa kwanza aliongezewa mifuko miwili ndipo akapona. Gideoni anajua. Siku mbili alizolazwa mkwe, mzee alishinda nje ya wodi akijifanya anasubiri mtu mwingine.

Akaizungusha kofia mkononi.

"Hapana," akasema polepole. "Andikeni malaria. Siku tisa. Na homa bado inanijia jioni."

Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi yetu, na sitamwambia.

"Asante, baba," Fortunata akasema. "Kapimwe tena hiyo homa leo. Kutoa damu, urudi baada ya miezi mitatu."

"Sawa, mwanangu. Nawe ujitunze."

Miaka minne tangu aolewe, hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo mzee alimwambia kwa hiari yake. Kisha akavaa kofia, akatokea mlango wa nyuma.