Anayebisha Chini ya Kiti cha Meneja

Asubuhi ya Jumanne, umande ukiwa bado haujakauka kwenye uwanja wa gofu, Meneja aliingiza kigari chake cha petroli gerejini. Alipoondoa mguu kwenye pedali injini ilizima, kama ilivyo kawaida ya vigari hivyo, lakini chini ya kiti kitu kiliendelea kugonga.

"Unasikia?" alimwuliza fundi.

"Nasikia."

"Basi usinitolee macho. Jumamosi kuna kombe, na kombe linabebwa na kigari hiki. Likelele hilo likisikika mbele ya wageni, wewe na spana zako mtatafuta pa kwenda."

Akaondoka bila kuaga. Hakuwa na mazoea ya kuaga.

Fundi alikuwa msichana wa maneno machache. Kazi alifundishwa na kaka yake humo humo gerejini, na kaka alipofariki akaachiwa yeye. Alianza pale ambapo fundi yeyote angeanza. Alikaza nati za magurudumu. Alikagua mkanda, akaukuta mzima. Alitikisa ekzosi, haikucheza. Raba moja iliyobeba injini ilikuwa imepasuka. Akaitoa, akaweka mpya, na kugonga huko kukasikika wazi zaidi, kama mtu aliyefunuliwa shuka usoni.

Mchana alikuja wifi yake, mjane wa kaka, aliyekuwa akifua taulo za wachezaji kwenye chumba cha dobi. Alisimama mlangoni na mikono yake yenye povu.

"Nasikia unamtafuta."

"Natafuta kelele, wifi."

"Ehee! Mume wangu leo kawa kelele." Alicheka bila furaha. "Mimi nilimjua tangu kigari kilipopita dobi. Ngumi, ngumi, kiganja. Ndivyo alivyobisha nyumbani kila aliposahau ufunguo, na hakuna siku aliyoukumbuka. Sasa sikiliza. Ukimnyamazisha, kwangu usikanyage. Hata siku ya msiba wangu usije, nitakufukuza mwenyewe."

Fundi aliokota spana yake. Alijua wifi anataka nini, kwa sababu tangu mazishi hakutaka kingine: Meneja aseme mbele ya watu kwamba mlango aliufunga yeye.

Ilikuwa sheria ya klabu kwamba siku za mashindano milango ya gereji ifungwe, ili muungurumo usiwavuruge wachezaji wanapolenga shimo. Injini ziliendelea kupimwa ndani. Kaka yake kila mara alifungua kidogo apate hewa, na kila mara Meneja alirudi akitukana. Mwisho Meneja akaweka komeo upande wa nje. Siku ya kombe lililopita alilisukuma kwa mkono wake, akapanda kigari, akaenda kula. Fundi alikuwa ametumwa mjini kufuata plagi. Aliporudi akafungua, injini ilikuwa imekwisha mafuta na kaka yake amekwisha pumzi. Klabu ilitangaza kwamba moyo ulisimama, jambo ambalo halikuwa uongo, kwani mioyo yote ya marehemu husimama.

Wifi alipoondoka, fundi alifanya kama alivyofundishwa. Aliinua kiti, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni.

"Hiyo bisibisi ni yangu," alisema kaka yake.

"Uliiacha mezani."

"Niliiacha, sikuitupa. Na hizo nati za nyuma umezikaza kama mtu mwenye ugomvi nazo. Mimi nilikufundisha hivyo?"

Fundi alizilegeza kidogo, akarudi.

"Kaka, Meneja anataka unyamaze."

"Na mimi nataka ainuke. Mwezi mzima ananikalia. Ni mzito, halafu hana adabu."

"Unataka nini?"

"Nifunguliwe mlango."

Fundi alisukuma milango yote miwili ya gereji hadi ukutani. Jua likaingia mpaka kwenye pipa la mafuta machafu. Kugonga hakukukoma.

"Iko wazi, kaka."

"Wewe hukufunga. Aliyefunga ndiye afungue."

Alimfuata Meneja ofisini, akamweleza: kelele ni kaka, na anataka afunguliwe komeo na aliyelifunga. Meneja hakuacha kukata kucha.

"Alikuwa mkaidi akiwa hai," alisema. "Mzibe na sponji. Nene. Na usilete tena habari za komeo humu ndani, nimekuvumilia kwa sababu nimekosa mwingine wa bei yako."

Sponji ililetwa. Fundi aliikata vizuri kwa kipimo cha kiti. Alifikiria watoto wa wifi, ambao walikula kutokana na spana zake, akaishika sponji ile muda mrefu. Kisha akaitandika sakafuni apigie magoti, akafungua bati lote lililokuwa chini ya kiti, lile linalozuia sauti, akaliweka juu ya kabati. Alimpaka kaka yake grisi kidogo pale alipodhani ni koo.

Jumamosi wageni walikaa chini ya hema jeupe. Meneja aliendesha kigari polepole kwenye nyasi, kombe likiwa mapajani, akasimama mbele yao na kuondoa mguu kwenye pedali. Injini ikazima. Ngumi, ngumi, kiganja.

"Meneja," ilisema sauti chini yake, safi, bila mkwaruzo, "komeo liko nje. Umelifunga wewe. Njoo ufungue, moshi umejaa."

Hema zima lilisikia. Wifi, aliyekuwa akigawa taulo za mkono, alishusha beseni chini akasubiri.

Mwenyekiti wa klabu aliinamia kiti. "Nani huyo?"

"Fundi wa zamani," alisema Meneja.

"Bado tunamlipa?"

"Hapana."

"Vizuri," alisema Mwenyekiti, akapokea kombe, na watu wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye kofia pana alilalamika kwamba sauti ilianza wakati mumewe akilenga shimo la mwisho, na akaomba kwenye kombe lijalo jambo hilo liangaliwe. Meneja aliahidi.

Wifi aliokota beseni lake. Alipompita fundi alisema, "Angalau kasema," akaenda kuanika taulo.

Fundi hakufukuzwa, maana hakupatikana mwingine wa bei yake. Kigari hakikubadilishwa. Wageni walizoea, wengine waliposikia kugongwa waliitikia "karibu" bila kukatiza mazungumzo, na Meneja aliongeza mto juu ya kiti.

Kombe lililofuata lilipofika, fundi alikuwa gerejini akipima injini. Alisikia kigari kikisimama nje, kisha komeo likisukumwa. Moshi ulianza kushuka kutoka darini. Alizima injini, akaenda mlangoni, akagonga. Ngumi, ngumi, kiganja.

Upande wa pili, chini ya kiti, kaka yake alimjibu vile vile.

"Wako wawili sasa?" aliuliza mgeni aliyeketi kando ya Meneja.

"Ni kigari tu," alisema Meneja, akakanyaga pedali.