Kebo Nyuma ya Kitanda cha Mugeni

Maneno yale Febronia aliyasikia Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, majembe yakiwa bado mabegani, na tangu hapo yakamng'ang'ania kama kupe. Aliyeyaleta ni Pudentienne, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Mama Mugeni, ile kebo ya mtandao yenu, wewe unajua ndani iko nini? Iko nyaya nane, zimesokotana mbilimbili. Zikikaa hivyo zinapata joto. Kule Gahanga mtoto ameungua nywele, amelala tu, kichwa iko karibu na kebo."

"Ulimwona?"

"Mimi? Aliyeniambia aliambiwa na mtu aliyefika pale."

"Basi hizo nywele zimeungua njiani," alisema Febronia, wanawake wakacheka.

"Cheka tu. Wako analaza kichwa wapi?"

Hapo kicheko kikamkauka mdomoni. Kebo ya kwao ilitoka kwenye ruta sebuleni, ikaambaa na ukuta, ikapita nyuma ya kitanda cha Mugeni, sawasawa na mto wake, ndipo ikafika kwenye meza ya kompyuta.

Mugeni alikuwa binti yake wa pekee. Kazi yake ni kukata na kuunga filamu za kampuni moja ya Nairobi yenye ofisi ndogo Kanombe, na filamu hizo ni nzito, hazipiti kwenye mtandao wa kusuasua. Fundi aliyevuta kebo alisema hiyo ni ya gigabiti, yaani ya kasi kubwa, nyaya zote nane zinafanya kazi kwa pamoja, hakuna iliyowekwa kwa mapambo. Kwa ajili ya kebo hiyo Mugeni alikubali kuhama mjini aje kukaa na mama yake huku Masaka. Kabla ya hapo, tangu mumewe Rugamba azikwe, Febronia alikuwa akizungumza na redio. Akiulizwa swali na mtangazaji, anajibu.

Sasa mtoto alikuwa nyumbani, lakini nyuma ya mlango. Anavaa vidude vya masikioni tangu asubuhi. Mama anampelekea chai, anaiweka, anarudi baadaye kuikuta imefanya utando juu. Jioni wanakula pamoja, mmoja anatazama sahani na mwingine anatazama simu. Baada ya maneno ya Pudentienne, Febronia alisimama mlangoni pale si mara moja, swali likiwa kwenye ncha ya ulimi. Kila mara alimsikia Mugeni akicheka na watu wa ndani ya kompyuta, kicheko ambacho jikoni hakikufika kamwe. Akarudi kuchambua maharage.

Mugeni alipokwenda Kanombe kwenye mkutano wa kazi, mama alivuta kitanda. Akachukua kisu cha jikoni, akaipasua ile kebo gamba lake la juu, kuanzia upande wa miguuni hadi upande wa mto. Ndani akazikuta kweli: ya chungwa imejikunja na mwenzake mweupe, ya buluu na mwenzake, ya kijani, ya kahawia. Akazisokotoa taratibu, kama anavyofumua mtu nywele za mtoto anayeogopa kuumizwa. Hakukata hata moja. Kila waya akauzungushia utepe mweusi wa umeme ili usimguse mwenzake, akazinyoosha, akazilaza juu ya waya wa umeme wa kompyuta zisionekane, akarudisha kitanda. Taa za ruta zilikuwa zinawaka. Siku hiyo alilala usingizi wa mtu aliyemwokoa mtoto wake.

Kuanzia kesho yake mtandao ukawa kama mgonjwa wa malaria. Mara unakimbia, mara unatambaa, mara umezimika. Mugeni aliwapigia watu wa mtandao, wakamwambia kwao hakuna tatizo. Akabadilisha kichwa cha plastiki cha kebo. Akailaumu mvua. Febronia alisikiliza yote akiwa jikoni, akajiambia: sikukata kitu, haiwezi kuwa mimi.

Ikaja filamu ya mteja ambayo ilitakiwa kufika Nairobi mchana. Haikufika. Mlango ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza, na sauti ya mkubwa wake wa kazi, Ochieng, ilitoka kwenye kompyuta ikajaa nyumba nzima.

"Mugeni, dada yangu, mteja amenichemkia kama sufuria. Huko shambani kwenu mnatumia mtandao ama mnatuma njiwa?"

"Si shambani, bosi, ni Masaka."

"Haya, Masaka. Hamia Kanombe, ufanyie hapa ofisini. Ama niambie nitafute mwingine, na tusinuniane."

Mugeni aliitazama saa ya kwenye kompyuta. "Nitahama," alisema.

Alipata kitanda kwa Kayitesi, mwenzake wa kazini. Siku ya kuondoka alivuta fanicha ili afungashe vifaa vyake, na mama yake alikuwa sebuleni akimkunjia nguo.

"Mama. Njoo."

Zile nyaya zilikuwa mkononi mwake, nyeusi, zimenyooka.

"Nani amefanya hivi?"

"Zilikuwa zimesokotana," alisema Febronia. "Nilisikia zinaunguza. Kichwa chako kilikuwa hapo."

Mugeni alikaa kitandani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilimwuma mama zaidi.

"Haziunguzi, Mama. Kusokotana ndiko kunakozilinda. Kila waya na mwenzake wanafutiana kelele za nje. Ukizinyoosha, na tena juu ya umeme, zinasikia kila uchafu."

"Basi tuzisokote tena. Mimi nitasokota, wewe unionyeshe."

"Hazisokotwi tena kwa mkono, inawekwa kebo mpya. Na nimeshamwambia Ochieng naenda. Siwezi kumgeukia tena." Akamtazama. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Mlango ulikuwa umefungwa."

"Haukuwa na ufunguo, Mama."

Dereva wa pikipiki alipiga honi nje. Mugeni alimkumbatia mama yake kwa nguvu, akasema atakuja Jumapili, na Jumapili ilipofika alipiga simu kwamba kazi imemzidi. Sahani moja ilikauka kwenye kichanja, na redio ikaulizwa habari za asubuhi.

Mzazi mwenye kebo kama hiyo ndani, aepuke haya:

– Kupasua gamba lake, hata kwa nia njema.
– Kunyoosha nyaya zilizosokotwa kiwandani.
– Kuilaza kebo pamoja na waya wa umeme.
– Kuanika nguo juu yake, kuipigilia misumari, au kuikunja kwa nguvu kwenye kona.
– Kuamini habari ya mtu aliyeambiwa na mtu.
– Kukaa kimya mtandao unaposumbua na wewe uliigusa.
– Kungoja mtoto afungue mlango. Gonga.